Wamewaweka Juu Sana

Wiki ya pili ya Agosti 2024 bro wangu alinipigia WhatsApp kutoka Tallahassee, Florida. Hakuuliza mama anaendeleaje, hakuuliza kama mvua imenyesha nyumbani. Alisema tu, "Siz, hii timu wameiweka juu sana. Namba kumi! Namba kumi ya nini?"

Nilikuwa jikoni kwangu Zimmerman, nakata sukuma. Huku ilikuwa saa mbili usiku, kwa hiyo kwake ilikuwa saa saba mchana, siku ya kazi. Nakumbuka nilijiuliza kwa nini hayuko maabara, halafu nikaliacha swali lipite. Bro wangu ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza yuko wapi. Sote tulijua yuko pale anapopaswa kuwa.

Timu yenyewe ni Florida State, ya futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Bro alihamia Tallahassee Agosti 2022 kusomea udaktari wa kemia, na mji ule una ugonjwa mmoja. Ukikaa miezi miwili, hata kama hujawahi kushika mpira, unajikuta umevaa rangi za damu ya mzee na dhahabu na unagombana na watu kuhusu mechi ya 1999. Kabla ya kila mechi ya nyumbani, mtu aliyepanda farasi anaingia uwanjani na mkuki unaowaka moto, anauchoma katikati ya nyasi, na uwanja wote unalipuka. Bro alinitumia video ya kitu hicho wiki yake ya kwanza ya msimu. Sikuelewa chochote, lakini nilielewa kwamba amepata mahali pa kwenda Jumamosi, na nikafurahi.

Usifikirie mechi za vyuo vya huku, ambapo watazamaji ni marafiki wa wachezaji na mama wa mandazi. Uwanja wa Michigan unabeba zaidi ya watu 100,000. Jaza Kasarani mpaka pomoni, bado hujafika. Na wanaocheza ni wanafunzi, vijana wa miaka 18 mpaka 23 hivi, ambao mwaka ukiisha wanaondoka, na wengine wanahama chuo kama watu wanavyohama keja.

Nilianza kufuatilia vizuri mwaka 2023. Bro alikuwa anaelekeza kamera ya simu kwenye TV yake, mimi natazama kutoka kitandani, yeye ananifundisha. Una majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ukifaulu unapewa mengine manne. Ukishindwa unampa mwenzako mpira. "Ni hivyo tu," aliniambia, "mengine yote ni kelele."

Msimu huo Florida State walishinda kila mechi. Kila mechi! Katikati ya Novemba kwotabeki wao, Jordan Travis, yule anayeanzisha mashambulizi na kurusha mpira, akavunjika mguu. Wakaendelea kushinda bila yeye. Wakachukua ubingwa wa ligi yao, wakawa 13 kwa 0. Tarehe 3 Desemba kamati ikakaa kuchagua timu nne za kucheza mchujo wa ubingwa wa taifa, ikachukua Michigan, Washington, Texas na Alabama. Texas na Alabama kila mmoja alikuwa amepoteza mechi moja. Florida State hawakuwa wamepoteza yoyote, wakawekwa namba tano. Kamati ilisema bila Travis hawa si timu ile ile.

Usiku huo bro alilia. Mtu mzima wa miaka 29, ana shahada mbili, analia kwenye simu kwa sababu ya timu ya mpira. Nilicheka kidogo. Leo nikikumbuka kile kicheko nataka kukirudisha. Sikujua kwamba wiki ile ile alikuwa amefanya mtihani.

Basi baada ya kuachwa nje, wachezaji wengi wazuri wa Florida State hawakuona haja ya kuumia kwenye mechi ya kufunga mwaka. Wakakaa kando kujitayarisha kwa NFL. Georgia wakawapiga 63 kwa 3. Aprili iliyofuata, timu za NFL zikachagua wachezaji kumi kutoka kikosi hicho kimoja. Wewe hebu fikiria Gor wauze wachezaji kumi mwezi mmoja, halafu Agosti mtu aseme bado ni wale wale.

Lakini ndivyo walivyosema. Agosti 2024, namba kumi.

*

Ile orodha inatolewa na shirika la habari la Associated Press. Wamekuwa wakiorodhesha timu za vyuo tangu 1936, na orodha ya kabla ya msimu ilianza 1950. Waandishi wa michezo kama sitini hivi, kutoka pande zote za Marekani, kila mmoja anaandika timu zake 25. Wa kwanza anapata pointi 25, wa pili 24, mpaka wa mwisho anayepata moja. Zinajumlishwa, na hapo mna orodha.

Shida ni kwamba Agosti hakuna aliyecheza. Mwandishi anakaa mbele ya karatasi, na timu za daraja la juu zilikuwa 134 mwaka ule. Hawezi kuwa amezitazama zote zikifanya mazoezi. Atafanya nini? Ataangalia zilimalizaje mwaka jana. Ataangalia nani karudi, nani kaondoka, nani kasajiliwa. Ataangalia jina la chuo, maana jina lina uzito wake. Mwishowe anaandika kumbukumbu yake na kuiita utabiri.

Bro alikuwa na mashaka yake ameyapanga kama mwanasheria. Wachezaji kumi wameenda NFL. Kwotabeki mpya, DJ Uiagalelei, amekuja kutoka Oregon State, na kabla ya hapo alikuwa Clemson, kwa hiyo hiki ni chuo chake cha tatu. Walioziba mapengo wengine wametoka vyuo tofauti na hawajawahi kucheza pamoja hata dakika moja. "Wameona jezi," aliniambia. "Hawajaangalia aliye ndani ya jezi."

Nilidhani anapiga tu domo la shabiki. Nilimwambia aache uchungu, labda mwaka huu wamepewa heshima kwa sababu ya dhuluma ya mwaka jana. Alinyamaza. Halafu akasema, "Heshima ya mwaka jana si unga wa mwaka huu."

Akaanza kunitajia mifano. Akianza hivyo humzuii. USC, 2012: namba moja kabla ya msimu, wakamaliza na ushindi mara 7 na kupoteza mara 6, na mwisho wa mwaka hawakuwemo hata kwenye 25. Michigan, 2007: namba tano, mechi ya kwanza, nyumbani, mbele ya ule umati wote, wakapigwa 34 kwa 32 na Appalachian State, timu ya daraja la chini ambayo watu wengi hawakujua iko jimbo gani. Sekunde za mwisho Michigan walipiga teke la kuokoa mechi na likazuiwa. Wiki iliyofuata walitoka namba tano mpaka nje kabisa.

Lakini kisa kilichomuuma zaidi kilikuwa cha Auburn, 2004. Wale hawakuwekwa juu. Walianza namba 17. USC walianza namba moja, Oklahoma namba mbili. Zote tatu zikashinda kila mechi mpaka Desemba. Enzi hizo ni timu mbili tu zilizocheza fainali, na USC na Oklahoma ndio walioenda, kwa sababu walikuwa wamekaa juu tangu Agosti na hakuna aliyewapa watu sababu ya kuwatoa. Auburn walimaliza 13 kwa 0 na hawakuwahi kupewa nafasi ya kuucheza ubingwa.

"Kwa hiyo ukiwekwa chini unaonewa, na ukiwekwa juu unaaibika," nilisema.

"Si kila mara," akajibu. "1999 Florida State walianza namba moja na wakakaa hapo mpaka mwisho. Walikuwa wa kwanza kufanya hivyo. Kuna wanaoweza, siz. Mimi nasema tu mtu aangalie kwanza."

Mtu aangalie kwanza. Nilisikia vizuri na sikuelewa.

*

Sisi tunatoka Kakamega, na kwetu orodha tunaijua. Bro alifanya KCPE 2008, akapata 421, namba moja tarafa nzima. Mzee wetu alikuwa mwalimu. Alikata ukurasa wa gazeti wenye matokeo, akauweka kwenye fremu ya picha juu ya redio, na ukakaa hapo mpaka wino ukageuka rangi ya chai. Nikiwa mdogo nilidhani yule mtu wa kwenye fremu ni bro mwingine, mkubwa kuliko huyu wa kwetu aliyekuwa akikojoa nyuma ya choo. Mwaka 2014 serikali ilipotangaza kwamba haitaorodhesha tena shule na watahiniwa, baba alinuna siku mbili. "Sasa watu watajuaje nani ni nani?" akauliza.

Harambee ya kumpeleka Marekani ilikuwa Julai 2022. Masomo yalikuwa yamelipiwa, na angepata posho kwa kusaidia kufundisha, lakini tiketi, viza na kodi ya mwezi wa kwanza vilikuwa juu yetu. Ilikuwa kampeni, kwa hiyo hata waliokuwa wanatafuta kura walikuja na bahasha. Akina mama wa kanisa walileta shilingi hamsini hamsini. Kuku mmoja alipigwa mnada mara nne, kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena. MC akawa anasema, "Huyu ni namba moja wetu! Hajawahi kutuangusha!" Na baba, kuanzia siku ile, akaanza kumwita Daktari. Mtu hajapanda ndege, ni Daktari.

Nilikuwa nimekaa karibu na bro. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, na alikuwa anaukunja na kuukunjua. Nilidhani ni furaha.

Ishara zilikuwepo. Nikizipanga sasa zinajaa ukurasa. Mwaka wa kwanza alikuwa ananieleza utafiti wake hata nisipouliza, mambo ya molekuli na mwanga, mimi nasema "ehe" na kupika. Mwaka wa pili aliacha. Ukimuuliza masomo yanaendaje, anasema "poa" na kuingia kwenye mpira. Alianza kupiga simu saa za ajabu. Ndevu zikawa ndefu. Mama akamwambia zimempendeza. Mimi sikupenda nilichokiona kwenye macho, lakini ningesema nini? Mimi niliyepata C+ nimuulize namba moja kama anaweza?

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza naye kila wiki. Nilikuwa na shaka na nikaimeza, kwa sababu kwetu kumtilia mtu shaka ni kumroga.

*

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi, tarehe 24 Agosti 2024, Dublin, Ireland. Walienda kuicheza huko dhidi ya Georgia Tech, ambao hawakuwa kwenye orodha. Saa moja usiku ya Nairobi. Kwa mara ya kwanza mechi ilikuwa saa ya binadamu wa kawaida, na nilipika chapati kabisa, nikaegemeza simu kwenye mkebe wa sukari.

Florida State walianza kwa kufunga. Nikapiga makofi peke yangu jikoni. "Tulia," bro akasema kutoka upande wa pili. Georgia Tech wakaanza kuwasukuma. Si kwa ujanja, kwa mabega tu. Yadi tano, yadi nne, yadi sita. Mstari wa Florida State ulikuwa unarudi nyuma kama watu wanaosukumwa na matatu isiyo na breki. Mwishoni ilikuwa 21 kwa 21. Georgia Tech wakatembea polepole mpaka karibu, wakaacha saa iishe, wakapiga teke la yadi 44 kupitia kati ya milingoti. 24 kwa 21. Mechi imekwisha.

Bro hakusema kitu. Kamera ilikuwa bado inaangalia TV, wachezaji wa Georgia Tech wanarukiana. Nilimsikia akipumua. Halafu akaanza kucheka, na kile kicheko kilinitisha kuliko angelia.

"Si nilisema?" akasema. "Si niliwaambia watu?"

Siku tisa baadaye Boston College wakaja Tallahassee na kuwapiga 28 kwa 13. Orodha mpya ilipotoka kesho yake, Florida State hawakuwemo. Kutoka namba kumi mpaka hakuna, siku kumi. Memphis wakaja, nao wakashinda. Notre Dame wakawapiga 52 kwa 3. Walimaliza msimu wakiwa wameshinda mechi mbili na kupoteza kumi. Mwaka mmoja tu nyuma walikuwa 13 kwa 0.

Nilitazama karibu zote, hata zile za saa nane usiku, na asubuhi naenda kazini macho mekundu, wenzangu wanadhani nimetoka kilabuni. Kitu nilichokuja kukiona ni kwamba wale vijana hawakuwa wazembe. Walikuwa wanakimbia. Walikuwa wanajaribu. Ilionekana kabisa mtu anajaribu kuwa yule aliyeandikwa Agosti, na kila wiki anaposhindwa anaongeza nguvu mahali pasipofaa.

Ilikuwa baada ya ile mechi ya Notre Dame, Novemba, ambapo nilimpigia mimi. Nilikuwa nimejitayarisha siku tatu. Sikuuliza masomo yanaendaje. Niliuliza, "Bro, uko sawa?"

Akasema yuko poa.

"Hapana. Nakuuliza tena. Uko sawa?"

Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikaangalia kama bando imeisha.

Halafu akaniambia. Kuna mtihani mmoja unaokuruhusu kuendelea na utafiti wa udaktari, na unapewa nafasi mbili. Alianguka wa kwanza Desemba 2023. Alianguka wa pili Mei. Walimwambia anaweza kumalizia shahada ya uzamili mpaka Desemba, halafu basi. Tangu Mei alikuwa anajua. Miezi sita ya kupokea simu za baba na kuitika akiitwa Daktari.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Kila mtu pale nyumbani ashamaliza kuandika."

Nikamwambia labda tulimsifu sana, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilidhani namfariji. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Siz, mimi sikutia maji. Nilisoma. Nilisoma mpaka nikaugua. Tembo liliisha tu."

Methali ile sijaitumia tena tangu siku hiyo. Inamlaumu aliyesifiwa. Haina neno kwa waliokuwa wakinywa.

Kitu kingine alichosema usiku ule ndicho kilichonifanya niandike haya. Alisema mwaka wote huo, watu pekee waliomfanya ajisikie si kichaa walikuwa mashabiki wa Tallahassee waliokuwa na mashaka Agosti. Kinyozi wake. Mzee mmoja wa jirani mwenye bendera ya timu barazani tangu miaka ya themanini. Hao hawakuwa maadui wa timu. Adui angefurahia namba kumi, ili kuanguka kuwe kutamu. Wao walikuwa wamewatazama vijana wale kila wiki, wakaona mapengo, wakasema kwa sauti: hawa bado, wapeni muda. "Nilitamani mtu aniambie hivyo," bro alisema. "Kwamba bado. Si kwamba siwezi. Kwamba bado."

*

Alirudi siku nne kabla ya Krismasi. Tulimpokea JKIA mimi na baba. Niliwaambia wazazi wiki mbili kabla, kwa ruhusa yake. Mama alikaa chini, akauliza, "Anakula lakini?" Baba alitoka nje kuangalia ng'ombe ambaye alikuwa ameshaangaliwa.

Pale uwanjani baba alimshika mkono kwa muda mrefu. Nilikuwa nasubiri aseme Daktari kwa mazoea. Alimwita kwa jina lake. Sikumbuki mara ya mwisho kulisikia jina hilo kinywani mwa baba. Kwenye gari hakuna aliyezungumza mpaka Naivasha, na hapo baba akauliza kama Marekani wana viazi vitamu.

Majirani waliuliza, bila shaka. Wengine walichangia, wana haki ya kuuliza. Bro akawajibu wote jibu moja: nimepata shahada moja, sikupata nyingine. Kuna waliocheka pembeni. Yule mama wa kanisa mwenye hamsini yake alimletea maziwa.

Sasa anafundisha kemia na hesabu kwenye shule ya kutwa karibu na nyumbani, kwa mkataba wa BOM, mshahara wenyewe ni wa kuchekesha. Mwisho wa muhula bado anatakiwa kuandika nafasi kwenye ripoti za wanafunzi. Anaandika. Lakini wale watano wa juu anawaita mmoja mmoja na kuwauliza ni wapi hawaelewi. Anasema wanashtuka sana, maana wale wa chini ndio huulizwa hivyo kila siku.

Agosti 2025 alikuja Nairobi. Ilikuwa mwezi wa CHAN, Harambee Stars, ambao hakuna aliyewapa nafasi kwenye kundi lile, walikuwa wamewapiga Kongo na Morocco, na mji bado ulikuwa umelewa hata baada ya Madagascar kututoa kwa penalti. Tarehe 30, saa nne na nusu usiku, tukakaa kwangu na laptopu. Florida State hawakuwa kwenye orodha. Alabama walikuwa namba nane. Kwotabeki mpya wa Florida State alikuwa Tommy Castellanos, yule yule aliyewapiga akiwa Boston College mwaka uliotangulia. Kabla ya msimu alikuwa amesema hadharani kwamba Alabama hawana tena kocha wao mkongwe Nick Saban wa kuwaokoa, na watu wakamcheka.

Florida State walishinda 31 kwa 17. Nilipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta. Bro alikuwa amekaa tu, anatabasamu, machozi yanamlengalenga. Nikamwambia sasa tumerudi, mwaka huu ni wetu, hawa ni kumi bora.

"Usiwaweke juu," akasema. "Wacha kwanza."

Orodha haikungoja. Mwisho wa Septemba walikuwa namba nane, pale pale Alabama walipokuwa. Wakaenda Virginia wakapoteza kwenye muda wa nyongeza, 46 kwa 38, halafu wakapoteza tatu nyingine mfululizo. Walimaliza na ushindi mara tano na kupoteza mara saba. Yaani si wale waliowapiga Alabama, na si wale wa mbili kwa kumi. Kitu cha katikati, ambacho hakuna orodha inayokipa nafasi.

Desemba tulikuwa nyumbani Kakamega. Ile fremu bado iko juu ya redio, lakini mama ameweka picha ya bro akiwa na wanafunzi wake mbele ya ule ukurasa wa gazeti, kiasi kwamba unaona pembe tu za karatasi. Tulikuwa tunakunywa chai, mimi na bro tunabishana kuhusu kwotabeki wa mwaka ujao, na baba, ambaye hajawahi kuuliza chochote kuhusu mchezo huu, akaweka kikombe chini.

"Hiyo timu yenu ya Amerika," akasema. "Iko namba ngapi?"

"Haimo, baba," bro akajibu.

"Haimo kabisa?"

"Kabisa."

"Na bado mnaitazama?"

Bro akaniangalia. "Tunaitazama."

Baba akafikiria kidogo, akasogeza kikombe chake upande wa bro aongezewe chai. "Sawa," akasema. "Mtaniambia ikicheza."